Kwa nini gemu hii hukimbia zaidi kwenye AMD na ile kwenye Intel, ilhali kadi ya picha ni ile ile?

KakaMkubwa

Wakuu, habari za jioni. Nina swali ambalo limetugawa nyumbani kwa takriban mwezi mzima, na ningeomba nijibiwe na mtu anayelifahamu jambo lenyewe, si mshabiki wa kampuni.

Mimi na mdogo wangu tuna kompyuta mbili zilizokaa meza moja. Yangu ina prosesa ya Intel Core i5-12400F, yake ina AMD Ryzen 7 5700X3D. Kadi za picha ni za aina moja, RTX 3060 Ti. Ramu ni gigabaiti 16 za DDR4 kila upande, na skrini zote mbili ni za 1080p. Boksi la prosesa yangu linaonyesha kasi ya juu ya gigahezi 4.4, la kwake gigahezi 4.1, kwa hiyo nilitarajia kumshinda kila mahali, au angalau kwenda naye sambamba.

Haikuwa hivyo. Tukirusha ndege katika Microsoft Flight Simulator, kompyuta yangu inakwenda vizuri tukiwa juu ya bahari au pori, lakini tukiukaribia mji mkubwa picha huanza kukwama: inasimama, inaruka, inasimama tena, na hilo hutokea wakati wa kutua, yaani pale pale ninapohitaji usukani utulie. Ya mdogo wangu, kwa uwanja ule ule na hali ya hewa ile ile, hutua bila kutetereka. Tukihamia League of Legends mambo yanageuka, na yangu ndiyo inayotoa fremu nyingi zaidi.

Mdogo wangu anasema sababu ni kwamba PlayStation na Xbox hutumia prosesa za AMD, hivyo gemu zote siku hizi huundwa kwa kuilenga AMD. Mimi nimesikia kwamba kampuni huwalipa waundaji ili gemu zipendelee bidhaa zao. Nani yuko sahihi kati yetu? Pia mjomba wetu anataka kumnunulia binti yake kompyuta ya gemu yenye kadi ya picha ya kupachika, na muuzaji amemshauri achukue Ryzen 5 5600G badala ya Ryzen 5 5600, kwa maelezo kwamba ni kitu kile kile. Ningependa kumjibu mjomba kwa uhakika.

FundiSaketi

Mkuu KakaMkubwa, umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi, nalo ni kulinganisha kompyuta mbili zenye kadi moja na skrini za aina moja. Kadi za picha zikitofautiana, mjadala wa prosesa hauna maana, kwa sababu mara nyingi kadi ndiyo inayochelewa na prosesa inakaa kuisubiri. Ndiyo maana ukipandisha picha hadi 4K tofauti unayoiona kati ya AMD na Intel huelekea kutoweka.

Gemu haipendelei jina la kampuni. Inachokutana nacho ni jinsi prosesa fulani ya mwaka fulani ilivyosukwa, na msuko huo ama unaendana na kazi ya gemu ile au hauendani nayo. Kampuni ile ile inaweza kuwa mbele katika kizazi kimoja na nyuma katika kinachofuata. AMD ilipotoa FX-8150 mwaka 2011, ikitangazwa kuwa na viini vinane, yaani sehemu nane za prosesa zinazoweza kukokotoa kwa wakati mmoja, viini hivyo vilipangwa viwili viwili na kila jozi iligawana kitengo kimoja cha kukokotoa namba za desimali. Intel za wakati ule ziliiacha mbali kwenye gemu. Usemi kwamba Intel ndiyo ya gemu ulikomaa katika miaka ile, na ulikuwa na msingi wa kweli wakati huo. Leo anayeurudia anaeleza habari za prosesa ambazo hazipo tena dukani.

Sasa tuje kwenye ndege yako. Ili upate fremu 60 kwa sekunde, kila fremu inatakiwa ikamilike ndani ya milisekunde 16.7, ukitaka 144, unabaki na chini ya milisekunde 7. Ndani ya muda huo prosesa inasoma ulichobonyeza, inasogeza kila kitu kilichomo ulimwenguni, inakokotoa upepo na uzito, kisha inaandika maagizo ya kuipa kadi ya picha. Sehemu kubwa ya kazi hiyo huangukia uzi mmoja mkuu, yaani mfululizo mmoja wa maagizo unaotekelezwa na kiini kimoja, kwa sababu hatua moja hutegemea matokeo ya nyingine, na huwezi kuichora ndege kabla ya kujua iko wapi. Viini kumi na sita havisaidii iwapo kimoja ndicho kinachosubiriwa na wenzake wote.

Nacho kiini hicho kimoja hutumia muda mwingi kusubiri kuliko kuhesabu. Prosesa ya gigahezi 4 hupiga mapigo bilioni 4 kila sekunde. Ikihitaji taarifa ambayo imo kwenye ramu, safari ya kwenda na kurudi huchukua karibu nanosekunde 80, yaani mapigo zaidi ya 300 yanapita bila kazi ile kusogea. Fikiria mama ntilie mwenye mikono miepesi kuliko wote mtaani, lakini kila akihitaji kitunguu inabidi amtume mtoto gengeni. Wepesi wa mikono yake haumfaidishi kitu wakati mtoto yuko njiani. Mwenzake aliyeweka kapu la vitunguu kando ya jiko atapakua mapema, hata kama anakata taratibu kidogo.

Kapu hilo ndilo kache, yaani kumbukumbu ndogo ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Prosesa yako ina megabaiti 18 za kache ya ngazi ya tatu; ya mdogo wako ina 96. Herufi 3D kwenye jina lake zinaeleza jinsi megabaiti 64 za ziada zilivyobandikwa juu ya zile 32 za kawaida, mbinu ambayo AMD iliileta kwa watumiaji wa nyumbani mwezi Aprili 2022 kupitia Ryzen 7 5800X3D. Bei yake ilikuwa joto: kipande cha juu huzuia moto kutoka kwenye viini, na hiyo ni sababu mojawapo ya 5800X3D kuishia gigahezi 4.5 ilhali ndugu yake 5800X hufika 4.7. Katika 9800X3D ya Novemba 2024 kache ilihamishiwa chini ya viini, na kasi ikapanda hadi gigahezi 5.2.

Ukitaka ushahidi kwamba suala si jina, utazame mfano ulio ndani ya kampuni moja. Katikati ya mwaka 2021, kwenye maonyesho ya Computex, AMD ilionyesha sampuli mbili za Ryzen 9 5900X zilizofungwa kwenye gigahezi 4 kamili, moja ikiwa na kache ya kawaida na nyingine ikiwa imeongezewa. Kwa vipimo vya kampuni yenyewe, Monster Hunter: World iliongezeka kwa asilimia 25, lakini League of Legends kwa asilimia 4 tu. Viini vilikuwa vile vile na kasi ile ile. Gemu ya kwanza ilikuwa na njaa ya kache. Ya pili taarifa zake nyingi tayari zilikuwa zimetosha kwenye kapu dogo.

Hilo ndilo linaloeleza ushindi wako kwenye League of Legends. Taarifa zikishatosha kwenye kache, mashindano hurudi kwenye nguvu ya kiini chenyewe, na hapo viini vya Intel vya kizazi cha 12 ni vipana zaidi: kiini kimoja kinaweza kushikilia maagizo 512 yanayongoja kukamilika, ilhali viini vya Zen 3 (jina la muundo wa viini wa AMD) vilivyomo kwenye Ryzen ya mdogo wako hushikilia 256. Ukiongeza na zile gigahezi 4.4 dhidi ya 4.1, matokeo hayashangazi.

Kuhusu mjomba, muuzaji amekosea, na kosa hilo lina gharama. Ryzen 5 5600 na Ryzen 5 5600G zote zina viini sita vya Zen 3 na zote hufika gigahezi 4.4, lakini 5600 ina megabaiti 32 za kache ya ngazi ya tatu na 5600G ina 16. Aidha 5600G huunganishwa na kadi ya picha kwa PCIe 3.0, si 4.0 ambayo ni njia ya haraka zaidi. Ni prosesa nzuri kwa mtu ambaye hatanunua kadi ya picha, kwa sababu ina michoro yake ya ndani. Kwa kuwa binti ana kadi, achukue 5600.

Mpenda_Haki

Nakubaliana na mengi aliyosema FundiSaketi, ila nadhani amepita haraka mno juu ya suala la upendeleo, ambalo si la kubuniwa. Kwa miaka mingi kompaila ya Intel, yaani programu inayogeuza maandishi ya mwandishi wa kodi kuwa maagizo ya prosesa, ilikuwa ikiiuliza prosesa jina la mtengenezaji kabla ya kuchagua njia ya kupita. Ikijibiwa kuwa ni Intel, ilichukua njia ya haraka. Vinginevyo ingeweza kuchukua njia ya polepole, hata kama prosesa ile nyingine ilikuwa na uwezo wote uliohitajika. Mtaalamu wa Denmark, Agner Fog, alilieleza jambo hilo kwa kina. Novemba 2009 Intel na AMD zilimaliza mashtaka yao kwa Intel kulipa dola za Marekani bilioni 1.25, na mwaka 2010 Tume ya Biashara ya Marekani ilifikia makubaliano na Intel ambayo, pamoja na mengine, yaliitaka iwaeleze wateja wa kompaila zake kwamba huenda zisitoe ufanisi kamili kwa prosesa za wengine. Kwa hiyo KakaMkubwa hakukosea kuuliza habari ya kampuni kupendelea bidhaa zao.

Bi_Tanga

Ndugu Mpenda_Haki, historia uliyoitaja ni ya kweli na inafaa ikumbukwe. Ila mimi ninaandika programu kwa ajili ya kula, na ningependa tukipe kisa hicho uzito kinaostahili. Gemu nyingi za Windows hukompailiwa kwa zana za Microsoft, si za Intel, kwa hiyo kisa cha kompaila hakiwezi kueleza tofauti ambazo watu wanaziona leo. Kuna kisa kingine ambacho naona kinafundisha zaidi.

Cyberpunk 2077 ilitoka tarehe 10 Desemba 2020. Siku chache baadaye wachezaji wenye Ryzen waligundua kwamba nusu ya nyuzi za prosesa zao (kila kiini hubeba mbili) zilikuwa hazifanyi kazi, na wengine wakapata nafuu kwa kubadili baiti moja tu ndani ya faili la gemu. Watu wengi waliinyooshea kidole kompaila ya Intel. Ukweli ulipofuatiliwa, mantiki ile ilikuwa imetoka kwenye mfano wa kodi ambao AMD yenyewe ilikuwa imewapa waundaji wa gemu: ilikuwa ikiuliza iwapo prosesa ni ya AMD, na kama ni ya AMD lakini si ya ukoo wa zile FX za zamani, ihesabu viini halisi na kuziacha nyuzi za ziada. Sasisho la 1.05 la tarehe 19 Desemba lilirekebisha matumizi ya nyuzi kwa Ryzen zenye viini vinne na sita. Kwa zenye viini vinane na kuendelea waundaji walisema ziko kama zilivyokusudiwa. Kumbe hapakuwa na hongo wala hila. Palikuwa na uamuzi wa busara uliofanywa kwa prosesa za wakati mmoja, ukabaki ndani ya kodi hadi prosesa zikabadilika.

Hayo ndiyo ninayokutana nayo kazini. Mwandishi wa kodi hudhani viini vyote ni sawa, kisha inakuja prosesa ambayo viini vyake si sawa. Novemba 2021 Intel ilipoleta kizazi cha 12, baadhi ya prosesa zake zilikuwa na viini vikubwa vya kasi na vidogo vya kubana umeme kwa pamoja. Baadhi ya programu za kulinda gemu dhidi ya uharamia ziliona viini vidogo zikadhani gemu imehamishiwa kompyuta nyingine, na gemu ikakataa kufunguka. Kabla ya masasisho kukamilika, dawa ya muda iliyotolewa ilikuwa kuwasha mpangilio maalumu kwenye BIOS (programu ya msingi ya ubao mama), kisha kubonyeza kitufe cha Scroll Lock ili viini vidogo vipumzishwe. Nakumbuka nilivyokisoma kisa hicho mara mbili ili nihakikishe nimeelewa, kwa maana kitufe hicho sikuwa nimekigusa kwa miaka. KakaMkubwa, i5-12400F yako ina viini vikubwa sita pekee, hivyo hilo halikuhusu.

Upande wa AMD nako kuna yake. Ryzen za mwaka 2019 zilikuwa na viini vilivyogawanywa katika makundi ya vinne vinne, kila kundi na kache yake, na uzi ukihama kundi uliacha taarifa zake nyuma. Mwaka 2020 Zen 3 iliunganisha viini vinane kwenye kache moja ya megabaiti 32, na gemu nyingi zikapanda kwa mkupuo. Ryzen 9 7950X3D ya mwaka 2023 ina vipande viwili vya viini vinane, lakini kimoja tu ndicho chenye kache ya ziada. Windows hulazimika kutambua kwamba unacheza gemu, kupitia Xbox Game Bar, ili kazi ipelekwe kipande kinachofaa. Utambuzi huo ukishindikana, mtu aliyelipia kache hatapata faida yake.

Hoja ya mdogo wako nayo nimeifikiria. Ni kweli PlayStation 5 na Xbox Series X zina viini vinane vya Zen 2. Lakini lugha ya maagizo ya x86 inaeleweka na AMD na Intel kwa pamoja, na prosesa za mashine hizo zina megabaiti 8 tu za kache ya ngazi ya tatu, zilizogawanywa katika mafungu mawili. Gemu iliyoundwa kutoshea humo haijaundwa kwa ajili ya megabaiti 96. Faida anayoipata mdogo wako haikutoka huko.

FundiSaketi

Dada Bi_Tanga, nashukuru kwa kisa cha Cyberpunk; nilikuwa nakijua nusu tu.

KakaMkubwa, kabla hujafikia uamuzi wowote, nakuomba ufanye mambo mawili. Kwanza, shusha resolusheni ya Flight Simulator hadi chini kabisa na ukaribie mji ule ule. Ikiwa kukwama kunabaki vile vile, kadi haihusiki. Gemu hiyo pia ina kipima fremu kwenye hali ya msanidi, nacho hutaja kinachoichelewesha, ikiwa ni pamoja na uzi mkuu. Pili, fungua kifuniko uhesabu vijiti vya ramu. Umesema gigabaiti 16 kila upande, lakini kijiti kimoja cha 16 na vijiti viwili vya 8 si sawa: viwili hupitisha taarifa kwa njia mbili kwa wakati mmoja, na kimoja hutumia njia moja. Prosesa yenye kache ndogo hutumwa gengeni mara nyingi, kwa hiyo ndiyo huumizwa zaidi na barabara nyembamba.

KakaMkubwa

Wakuu, nimerudi baada ya siku tatu. Nilishusha resolusheni hadi picha ikawa ukungu, na kukwama hakukubadilika hata kidogo. Kipima fremu kilitaja uzi mkuu muda wote wa kutua. Kisha nikafungua kifuniko. Yangu ina kijiti kimoja cha gigabaiti 16. Ya mdogo wangu ina viwili vya 8.

Kwa kuwa zote ni DDR4 zenye kasi moja, tulizima kompyuta zote mbili na kubadilishana. Vijiti vyake viwili vikaja kwangu, kijiti changu kimoja kikaenda kwake. Tulirudia safari ile ile mara nne, tukikaribia kutoka upande ule ule, na kila mara mmoja wetu alikaa nyuma ya mwenzake akitazama skrini bila kugusa kitu. Kompyuta yangu imebadilika waziwazi: kule kusimama na kuruka kumepungua sana, na mara mbili nilitua bila kukwama kabisa. Kilichonishangaza ni cha kwake. Nilitarajia kijiti kimoja kimuumize kama kilivyoniumiza mimi, lakini tofauti ilikuwa ndogo kiasi kwamba tulibishana iwapo ipo. Bado anatua kwa utulivu kunishinda. League of Legends bado ninamshinda.

FundiSaketi

Hicho cha mwisho ndicho nilichotamani ukione kwa macho yako. Megabaiti 96 zinamkinga asitoke nje mara kwa mara, hivyo barabara ikiwa nyembamba yeye haihisi sana. Nunua kijiti cha pili kinachofanana na chako, umrudishie vyake, na prosesa uiache kwanza.

KakaMkubwa

Nimekiagiza leo. Mjomba naye amechukua 5600, na vijiti viwili.